Marehemu Mbaraka Mwinshehe: Kutoka Morogoro Jazz hadi Super Volcano

Ndugu zangu mliopita katika mabweni yale,

Usiku wa mkutano wetu uliopita, hotuba zilipokwisha na pilau kuliwa, kijana aliyeletwa kutupigia muziki aliweka wimbo wa "Shida". Mliokuwapo ni mashahidi. Hata mweka hazina wetu, ambaye tangu kidato cha pili hakuna aliyewahi kumwona akitikisa bega, aliinuka kitini. Wimbo ulipokwisha kijana yule akanijia kuuliza ni nani aliyeimba. Nikamjibu kwamba ni Mbaraka. Akauliza ni Mbaraka yupi. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali hilo, na Ndugu Mhariri aliponitaka niandike ukurasa mmoja au miwili kwa ajili ya jarida hili, nilikuwa nimekwisha kujua nitaandika habari za nani.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944, huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe. Katika mwaka huohuo ilianzishwa mjini Morogoro bendi iliyoitwa Morogoro Jazz. Mtoto na bendi walikuwa hirimu moja, na ilichukua miaka ishirini na kitu wakutane.

Kumwelewa Mbaraka lazima kwanza kuuelewa mji. Morogoro ni mji wa njia panda. Reli ya Kati inapita pale, na barabara itokayo Dar es Salaam inagawanyika pale, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa. Kandokando kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, yenye watu waliopokea mshahara mwisho wa mwezi na kutafuta mahali pa kusahau jua la shambani. Mji wa namna hiyo hauwezi kukosa dansi. Morogoro ilikuwa na bendi mbili kubwa, na wenyeji waligawanyika baina yake kama watu wa Dar es Salaam walivyogawanyika kwa Simba na Yanga. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya marehemu Salum Abdallah, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 40, nayo ilipiga rumba na chacha zilizonukia santuri za Kuba, lakini kwa Kiswahili safi. Wakati kijana Mbaraka anaanza kushika gitaa, jina la Salum Abdallah lilikuwa limeenea Afrika Mashariki nzima.

Masomo ya sekondari Mbaraka aliyaanza na kuyakatiza, akafuata muziki. Sisi wasomaji wa jarida hili tunajua uzito wa jambo hilo. Miaka ile nafasi ya sekondari ilikuwa kitu cha kuombewa dua. Wilaya nzima ilitoa vijana wachache tu, na kijana aliyechaguliwa aliondoka nyumbani kwa sanduku jipya la bati na machozi ya shangazi. Kuiacha nafasi hiyo kwa ajili ya gitaa, wakati ambapo wazee wengi walimhesabu mpiga gitaa kuwa ndugu wa mlevi, kulihitaji moyo ambao wengi wetu hatukuwa nao. Siandiki haya ili wajukuu zetu watupe vitabu. Naandika kwa kuwa huu ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina yake katika maisha ya mtu huyu, na baadaye alifanya mwingine unaofanana nao sana.

Akaingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 60. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya uongozi wa Juma Kilaza. Mashindano ya bendi hizo mbili hayakufa. Ila upande wa Morogoro Jazz sasa palikuwa na kijana mwembamba wa sauti ambaye watu walianza kumuuliza kwa jina kabla hawajauliza kiingilio.

Hapa nawaomba wasiojua mambo ya bendi wanivumilie kidogo. Katika bendi zetu za jazz palikuwa na magitaa matatu au manne, na kila moja lilikuwa na kazi yake. Besi iliweka msingi. Ridhimu ilishona. Gitaa la pili liliitikia. Gitaa la solo ndilo lililotangulia mbele na kusema, hasa pale waimbaji walipokwisha maneno yao na wimbo ukafika mahali pa kuchezwa. Kwa kawaida mpiga solo hakuwa mwimbaji, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na maneno ya kutosha. Mbaraka alifanya yote mawili, tena tungo nyingi zilikuwa zake. Aliimba ubeti, kisha gitaa lake likauchukua ubeti uleule na kuueleza kwa namna nyingine, taratibu, bila haraka, kama mzee anayerudia habari ili wa nyuma nao wasikie. Wapo waliomlinganisha na Franco wa Kongo. Mimi siyapendi sana mashindano ya namna hiyo, lakini nakubali jambo moja: vidole vya Kongo vilisikika katika magitaa yetu yote ya wakati ule, na Mbaraka ni mmoja wa wachache waliovisikia na bado wakabaki na lafudhi ya kwao.

Na maneno yake! Aliimba mambo ya watu. Pesa, wivu, mashemeji, masimango ya ndugu, salamu kwa wazazi walio mbali, na mtu wa shamba anayedharauliwa mjini. Majina ya nyimbo zake yenyewe yanatosha kuwa mazungumzo ya barazani: "Pesa Namba Moja", "Masimango", "Jogoo la Shamba", "Nisalimie Wazazi". Hakuhubiri sana. Alisimulia jambo kama mtu aliyelipata mwenyewe, na msikilizaji akaondoka akidhani ameimbiwa yeye.

Sisi tulimjua kwa njia ya redio. Nchini kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri, kwa hiyo bendi zilikwenda Dar es Salaam kurekodi kwa Radio Tanzania. Kanda zikabaki kwenye maktaba ya redio, na nyimbo zikapigwa katika vipindi vya muziki na salamu. Mwenye kutaka sahani ya kununua alitegemea makampuni ya Nairobi. Katika bweni letu redio ilikuwa moja tu, ya mwalimu wa zamu, nayo ilikaa dirishani kwake. Jumamosi jioni ungedhani vijana arobaini wamepatwa ghafula na hamu ya kufagia uwanja ulio chini ya dirisha lile. Tulifagia mpaka ardhi ikang'aa. Najua wako wenzangu watakaosema kwamba walikuwa wakifagia kwa kupenda usafi, na mimi nawaachia dhamiri zao.

Mwaka 1969 serikali ilipiga marufuku muziki wa soul, ule wa Marekani uliokuwa umewashika vijana wa Dar es Salaam. Wakati ule maneno ya utamaduni wa taifa yalikuwa kila mahali, na bendi zilizoimba kwa Kiswahili zilijikuta zinatazamwa kwa jicho jema. Mwaka uliofuata, Japani ilifanya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1970 katika mji wa Osaka. Mataifa 77 yalishiriki, na watu zaidi ya milioni 64 walipita milangoni tangu Machi hadi Septemba. Tanzania nayo ilikwenda, na bendi iliyopelekwa ilikuwa Morogoro Jazz.

Fikirini jambo hilo. Dar es Salaam ilikuwa na NUTA Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na Dar es Salaam Jazz iliyokuwa imeanza tangu mwaka 1932. Tabora nayo ilikuwa na bendi yake ya kutisha. Pamoja na wote hao, waliopanda ndege walikuwa vijana wa mji wa mkoani, wa chini ya milima ya Uluguru. Safari hiyo ilizaa wimbo, kama ilivyokuwa desturi ya Mbaraka ya kutopoteza kitu.

Alikuwa pia mwandishi wa habari kwa njia yake. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi na mkulima mmoja huko Isimani, katika joto la siku zile za kuanzisha mashamba ya ujamaa. Nchi nzima ilishtuka. Mbaraka akatunga wimbo wa maombolezo unaoitwa kwa jina la marehemu, na wako wengi vijijini waliolipata tukio lile kwanza kwa gitaa kuliko kwa gazeti.

Basi ilipofika mwaka 1973, mtu huyu alikuwa na kila kitu ambacho mwanamuziki wa bendi angeweza kuwa nacho. Umri wake haukuwa umetimia miaka thelathini. Alikuwa sauti na solo ya bendi iliyoiwakilisha nchi ng'ambo. Na mwaka huo akaondoka.

Watu wa leo, waliozoea kusikia kwamba msanii fulani ameachana na kundi na sasa yuko peke yake, hawawezi kuona ukubwa wa jambo. Bendi ya siku zile haikuwa kundi la marafiki. Ilikuwa klabu, au mali ya mtu, au mali ya shirika, kama NUTA Jazz ilivyokuwa ya chama cha wafanyakazi na Urafiki Jazz ilivyokuwa ya kiwanda cha nguo. Magitaa, vipaza sauti, ngoma na saksafoni vilikuwa vya bendi. Jina lilikuwa la bendi. Ukumbi, gari kama lilikuwapo, na mazoea ya wateja vilikuwa vya bendi. Kwa desturi ya wakati ule, mwanamuziki aliyehama alitoka kama mtumishi anayeacha kazi: na nguo zake na vidole vyake. Na vyombo havikuwa vitu vya kununua dukani siku moja. Vilitoka ng'ambo, vikahitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni kila mmoja wetu anakumbuka zilivyokuwa. Ndiyo maana wanamuziki wengi wazuri waliihama bendi moja kwenda kwa nyingine, bosi hadi bosi, na wachache sana waliihama bendi ili wawe na yao.

Tena kuna jambo la lugha hapa linalonichekesha. Wazungu wakisema mwanamuziki amekwenda solo, maana yao ni kwamba amekuwa peke yake. Kwetu solo ni gitaa. Mpiga solo hawezi kuwa peke yake hata akitaka, maana bila ridhimu na besi atamjibu nani? Kujitegemea kwa Mbaraka hakukuwa kupunguza watu. Kulikuwa kuongeza. Jana yake alikuwa mmoja wa wanaosubiri kugawiwa baada ya dansi. Sasa ndiye aliyetakiwa kugawa, na kama mvua imenyesha na wateja hawakuja, macho yote yanamtazama yeye.

Bendi mpya akaiita Super Volcano. Milima ya Uluguru si ya volkeno, kama mwalimu wetu wa jiografia alivyotuchapia viboko tulipokosea, lakini jina lilikaa. Mtindo wao wakauita Masika. Siku zile kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake kama silaha, na hili nadhani lilichaguliwa vizuri, kwa kuwa masika hayaulizi ruhusa, nayo yakija hunyesha mchana na usiku. Makao yalibaki Morogoro. Hakukimbilia mji mkuu. Hakuhamia Kenya pia, kama ndugu kina Kinyonga kutoka Tanga walivyohamia na kuianzisha Simba Wanyika mwaka 1971. Alibaki katika mji uleule wenye bendi aliyoiacha, akapiga dansi mbele ya watu waliokuwa wateja wa wenzake wa zamani. Huo si ujasiri mdogo. Mtu akigombana na nyumba yake kwa kawaida huhama mtaa.

Kazi aliyoifanya ndani ya miaka isiyotimia sita na Super Volcano ni kubwa kuliko ya watu waliopewa miaka thelathini. Sahani zake zilitoka Nairobi kwa kampuni ya Polygram, sahani ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja ukigawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno, na wa pili ulikuwa wa kuchezwa. Hivyo msikilizaji aliinuka, akageuza sahani, na wakati wa kugeuza akapata nafasi ya kumwinua mwenzake. "Shida" ndiyo iliyokwenda mbali kuliko zote. Ukisikiliza leo utaona siri yake. Wimbo hauna haraka hata kidogo. Mtu anaeleza taabu za dunia kwa sauti isiyolia, gitaa linamfuata kwa huruma, na miguu yako inaanza kwenda kabla moyo haujakubali kwamba habari yenyewe ni ya huzuni. Kenya waliipenda kama sisi, na pengine kutuzidi, maana wao walikuwa na maduka ya sahani, na sisi tulikuwa na redio ya mwalimu wa zamu.

Hapa ndipo penye kitendawili cha maisha yake ya kujitegemea. Mtu alikaa Morogoro, akatunga Morogoro, akalisha bendi Morogoro. Lakini sahani zake zilichapwa na kuuzwa zaidi upande wa pili wa mpaka. Ilimradi Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hai, haikuwa tabu kubwa. Reli ilikuwa moja, ndege zilikuwa za shirika moja, na mtu aliondoka kwa basi akarudi na sahani mpya kwapani. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Wafanyabiashara waliumia, madereva wakaumia, na watu wenye ndugu Taveta na Moshi wakaumia. Wanamuziki hawatajwi sana katika hesabu hiyo, lakini kwao ilikuwa kama mkulima kutenganishwa na ghala. Aliyekuwa na mwajiri angeweza kukaa akasubiri mshahara wa chama au kiwanda. Mwenye bendi yake mwenyewe hakuwa na wa kumsubiri.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 Mbaraka alikuwa Kenya kwa shughuli za muziki. Tarehe 12 Januari alifariki mjini Mombasa kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 34. Wana wawili wakubwa wa muziki wa Morogoro, Salum Abdallah na yeye, walichukuliwa na barabara, mmoja mwaka 1965 na mwingine miaka kumi na minne baadaye, na wote wawili kabla ya kufika miaka arobaini.

Nchi ilikuwa vitani wakati huo. Vijana wetu walikuwa Kagera, baadhi yao wakiwa wa darasa langu, na magazeti yalijaa habari za vita. Hata hivyo habari ya Mbaraka ilipata njia yake. Mimi niliipata stendi ya mabasi, nikiwa mwalimu mpya niliyetoka kupokea mshahara wa kwanza, kutoka kwa muuza kahawa aliyekataa kupokea senti zangu kabla hajamaliza kunieleza. Aliyekuwa pembeni yangu, mtu nisiyemjua, akasema haiwezekani, kwa sababu jana tu alimsikia redioni. Sikumcheka. Nami nilikuwa nimemsikia.

Super Volcano haikuweza kusimama muda mrefu bila yeye. Bendi iliyojengwa juu ya sauti na vidole vya mtu mmoja ina udhaifu huo, na bila shaka hii ndiyo bei nyingine ya kuondoka mwaka 1973: Morogoro Jazz ilimpoteza Mbaraka na ikaendelea kupiga kwa kitambo, lakini Super Volcano haikuwa na wa kumpoteza mwingine. Nimewahi kubishana na mwenzetu mmoja wa darasa la 1974 anayeshikilia kwamba laiti angebaki Morogoro Jazz kazi yake ingekuwa na mrithi. Inawezekana. Lakini tungekuwa na "Shida" kweli? Hakunijibu, aliagiza chai nyingine.

Kampuni ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa sahani kubwa zilizoitwa "Ukumbusho", namba baada ya namba, na watu wakazinunua kwa miaka mingi, kisha kanda, kisha sahani zile ndogo za kung'aa. Kanda alizorekodi Radio Tanzania zilibaki maktaba, na bado zinapigwa.

Kijana wetu wa muziki nimemwandikia majina kumi na mawili ya nyimbo kwenye karatasi, pamoja na majina ya bendi mbili, nikampa kwa mkono mbele ya mweka hazina. Ameahidi kuzitafuta zote kabla ya mkutano ujao. Mimi nitakuja na sahani yangu ya "Shida", iliyonunuliwa Arusha mwaka 1976. Upande wa pili una mkwaruzo pale gitaa linapoanza kupanda, na inabidi mtu asimame karibu ili aisukume sindano kwa kidole.